Wifi Kaja na Vyerehani

Cherehani cha kwanza kilifika kabla ya ombi lenyewe. Bi Kimya alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake aliposikia mkokoteni ukilia barabarani, na alipoinua macho akamwona wifi yake anaufuata kwa nyuma, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshikilia kichwa cha cherehani kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali.

"Hodi, wifi," alisema, na hakungoja kukaribishwa. "Nataka kilale hapa kwako siku mbili tu."

"Kilale wapi?"

"Humo chumba cha mbele, pembeni. Hakili wala hakinywi."

Bi Kimya alitaka kukataa, lakini mwenye mkokoteni alikwisha kuanza kufungua kamba, na kumrudisha mtu na mzigo mlangoni lilikuwa jambo lisilomtoka kinywani. Akafungua mlango.

Jina la Bi Kimya alipewa na mtaa. Si kwamba hakuwa msemaji. Ni kwamba hakupenda kelele za wengine. Mpangaji akipandisha sauti ya redio, alipandiwa ngazi. Wachuuzi walijua wakikaribia nyumba yake wapunguze kunadi, wakishapita waendelee. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa kinyume chake kabisa. Alishona mabegi ya shule, aliongea na sindano, aliongea na uzi uliokatika, na akicheka hata walio uani walijua. Wote walimwita Mama Mabegi. Wawili hao walipendana kimawifi: kutaniana mbele za watu, kupimana maneno wakiwa peke yao.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja. Bi Kimya aliishi vyumba vya nyuma, chini. Juu alipanga muuguzi wa hospitali aliyefanya zamu za usiku. Na mbele, kuelekea barabarani, kulikuwa na chumba kikubwa chenye mlango wa mbao wa kufunguka pande mbili. Humo ndimo mumewe alimokuwa akiweka gari lake. Tangu alipozikwa, gari halikutoka tena. Lilifunikwa turubai la kijivu, magurudumu yakaisha upepo, nalo likakaa katikati ya chumba kama mgeni wa heshima asiyeaga. Kila wiki Bi Kimya aliingia, akalifunua, akafuta vumbi, akakaa kidogo kwenye kiti cha abiria, kile kilichokuwa chake siku zote. Kisha akalifunika na kufunga mlango. Jambo hilo hakumwambia mtu.

Kesho yake mkokoteni ulirudi.

"Wifi," alisema Bi Kimya, "hiki cha jana kimezaa?"

"Mapacha," alijibu Mama Mabegi. "Mwenzake yuko njiani."

Na kweli, jioni kikaja cha tatu, pamoja na meza, marobota ya kitambaa kigumu na gunia la zipu. Hapo Bi Kimya alifagilia pembeni utani wote, akamkalisha wifi yake kwenye kiti cha jikoni, akamwekea chai, na kumtaka aseme ukweli.

Ukweli ulikuwa kwamba ghala la zamani alimofanyia kazi limeuzwa. Mnunuzi atalibomoa ajenge fleti. Waliokuwa wakikodi humo, yeye na mabegi yake, mtu wa viatu, mtu wa brashi na mafagio, wote wametakiwa kuondoka.

"Wanasema twende eneo la viwanda, huko nje ya mji," alisema. "Nimekwenda kuliona. Wifi, kule kumejengwa kwa ajili ya watu wa saruji na mabati. Chumba chao kidogo kuliko vyote kingemeza ghala letu zima na kubaki na njaa. Na kufika ni mabasi mawili. Washonaji wangu wana watoto shule hii hapa. Saa ya kutoka, nani atawapokea? Nikihamia kule, nahama peke yangu."

"Kwa hiyo zile siku mbili..."

"Nilitaka uzizoee kwanza sura zao."

Bi Kimya alishika tama. Hakuwa na moyo wa kumtupa dada wa mumewe barabarani, lakini hakuwa na moyo wa kupenda jambo lile pia. Akakubali shingo upande, kwa masharti: iwe ni mpaka wapate mahali pengine, wafunge kabla giza halijaingia, na gari lisiguswe.

"Hata kwa jicho hatutaligusa," alisema Mama Mabegi.

Wakaanza kazi. Walikuwa wanawake wanne, na mkubwa wao kwa umbo na kwa maneno alikuwa mkataji wa vitambaa, ambaye wenzake walimwita Mkasi. Kwa kuwa gari lilikalia katikati, vyerehani vilipangwa kuzunguka kuta, migongo ikigusa ukuta, na washonaji wakakaa upande wa gari huku viwiko vyao vikikwaruza turubai. Meza ya kukatia ikawekwa mlangoni. Kitambaa kikiwa kirefu, nusu yake ilining'inia nje, na wapita njia wakawa wanakiruka.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Ya pili haikuisha. Adhuhuri moja Bi Kimya aliingia kuchukua ufagio wake na kukuta turubai limekunjwa mpaka kwenye kioo, na juu ya boneti kumepangwa mabegi yaliyokwisha kushonwa, ya bluu na mekundu, kama bidhaa dukani.

"Nani kafunua gari?"

Vyerehani vilinyamaza kimoja baada ya kingine.

"Mimi," alisema Mama Mabegi. "Meza imejaa, wifi. Mabegi ni laini, hayachubui rangi."

"Nilisema lisiguswe."

"Ulisema. Na sisi tumejibana mpaka tunapumua kwa zamu."

"Hili ni gari la kaka yako. Umesahau?"

Mama Mabegi aliondoa miwani yake. "Kaka yangu alikuwa na gari," alisema polepole. "Hakuwa gari."

Bi Kimya alichukua begi moja, akaliweka chini. Akachukua la pili. Aliyaondoa yote kwa mikono yake bila kusaidiwa, akavuta turubai mpaka mbele, akalichomeka vizuri chini ya bampa, akatoka. Ufagio aliusahau.

Kuanzia siku hiyo mawifi wakanuniana. Kazi iliendelea, lakini salamu zilipitia kwa Mkasi.

"Mwambie wifi yangu bomba la uani halikufungwa vizuri," Bi Kimya alisema akiwa hatua chache tu kutoka kwa wifi yake.

"Mwambie wifi yangu nimesikia," alijibu Mama Mabegi bila kuinua uso.

"Nyote mmesikiana," alisema Mkasi. "Mimi mtanilipa kazi mbili."

Kisha muuguzi akashuka. Alikuwa mwanamke mpole, asiye na historia ya malalamiko, na ndiyo maana Bi Kimya alishtuka kumwona mlangoni macho yamemvimba.

"Mama, nakuheshimu sana," alisema. "Lakini nitahama. Narudi kazini asubuhi, nikilala tu kitanda kinaanza kutetemeka. Nimeziba masikio kwa pamba, haisaidii, maana mtetemo hauniingii masikioni, unaniingia mifupani. Jana nimesinzia wimawima, nimeshika kitasa cha wodi. Siku moja nitasinzia nimeshika sindano."

Bi Kimya alimwomba asubiri, akatoka kuelekea chumba cha mbele. Njiani maneno yalikuwa tayari mdomoni. Sasa hata hakuhitaji kutaja gari. Angesema muuguzi anateseka, na hilo lilikuwa kweli, na wifi yake angekusanya vyerehani vyake na asingekuwa na la kujibu. Mkono wake ulikwisha kufika mlangoni. Ndani Mkasi alikuwa anasimulia kisa cha mumewe aliyesinzia na mkate kifuani, na wenzake walikuwa hoi kwa kicheko, na katikati ya kicheko hicho vyerehani havikusimama. Akawasikiliza. Halafu akawaza kesho yake: mlango umefungwa, chumba kimya, yeye amekaa kwenye kiti cha abiria, ameshinda.

Akageuka, akapanda ngazi, akamkuta muuguzi amejiegemeza mlangoni kwake.

"Nipishe kitandani mwako," alisema.

"Mama?"

"Nataka nisikie unachosikia wewe."

Alivua viatu, akajilaza chali juu ya kitanda cha mpangaji wake, mikono juu ya tumbo. Muuguzi alisimama pembeni bila kujua aangalie wapi. Binti hakuwa amedanganya. Mtetemo ulikuwa unapanda kwenye mguu wa kitanda, unapita kwenye fremu na kuingia mgongoni, tititi, tititi, unatulia, unaanza tena. Bi Kimya akashuka, akalala kifudifudi sakafuni, akaweka shavu kwenye saruji. Katikati ya chumba sakafu ilikuwa tulivu. Akasogea kwa magoti mpaka ukutani, akaweka kiganja. Ukuta ulikuwa unatetemeka kama paka anayekoroma.

"Shuka ukamwambie wa kona ile azime," alimwambia muuguzi. "Yeye tu."

Muuguzi alishuka. Baada ya muda kidogo ukuta wa kona ukatulia. Alipopanda, Bi Kimya alikuwa amehamia ukuta wa ngazi. "Sasa wa upande wa ngazi." Ukuta huo nao ukatulia. Wakaenda hivyo, muuguzi akipanda na kushuka, Bi Kimya akitambaa ukutani na gauni lake limejaa vumbi, mpaka wakawa na hakika. Vyerehani vilikuwa vinaupa ukuta mtetemo wao, na ukuta ukawa unaubeba mpaka juu.

Alishuka vumbi likiwa shavuni. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimwangalia wifi yake usoni.

"Wifi, vyerehani vyenu mmevibandika ukutani. Ndivyo vinavyomtesa huyu binti."

"Tungevibandika wapi?"

Hakuna aliyeliangalia gari. Mkasi aliangalia mkasi wake. Mwingine alianza kuchambua nyuzi ambazo hazikuwa na shida yoyote. Bi Kimya ndiye aliyeliangalia, akaliangalia kwa muda.

"Hapo katikati," alisema.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa fundi magari mwenye gereji mwisho wa mtaa. Fundi alikuja na pampu na boksi la spana, akalizunguka gari, akafungua boneti, akaguna mara kadhaa kwa namna ya madaktari. Injini haikufa, alisema, imelala tu. Mdogo wake alikuwa anafundisha watu udereva na alikuwa anatafuta gari gumu, lisiloogopa kugongwagongwa. Kama mama yuko tayari, yeye atalitengeneza na kumpelekea.

"Watu watajifunzia?" aliuliza Bi Kimya.

"Watajifunzia. Litazimika barabarani mara mia, lakini litatembea."

Bi Kimya alifikiri. Mumewe hakuwahi kumwachia mtu usukani, hata yeye. "Haya," alisema. "Lichukue."

Tatizo likawa kulifikisha gereji. Fundi hakuwa na gari la kulivuta. Barabara iliteremka kidogo kuelekea kwake, na wanawake wanne na muuguzi, ambaye hakuwa amelala hata hivyo, walisema watasukuma.

"Mimi nitashika usukani," alisema fundi.

"Hapana," alisema Bi Kimya. "Nitashika mimi."

"Unajua, mama?"

"Nimekaa kiti cha pembeni miaka yote hiyo. Kuna nilichoona."

Fundi alimwonyesha breki, akamwambia akanyage taratibu, na akatembea kando ya dirisha tayari kuingiza mkono. Gari, magurudumu yakiwa yamejazwa upepo, likatoka kwenye mlango likilia kutu. Watu walitoka madukani. Mkasi alikuwa anasukuma na kutoa taarifa kwa sauti: "Mtaro kulia, Bi Kimya! Usitupeleke mtaroni, nguo hizi nimeazima!" Bi Kimya alikaza mikono kwenye usukani na kugundua kwamba anacheka, kicheko kilichompanda chenyewe bila ruhusa.

Akaangalia kwenye kioo cha ndani aone kama wako sawa nyuma. Kioo kilikuwa bado kimewekwa kwa urefu wa mumewe, hata ikabidi ajinyanyue kitini ndipo aone. Akawaona wanawake wameinama, mabega yakifanya kazi. Katikati yao alikuwa Mama Mabegi. Yeye hakuwa anasukuma. Alikuwa amelaza paji la uso kwenye kioo cha nyuma, viganja viwili vimelishika gari, anatembea nalo tu, na machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

Bi Kimya alirudi kitini. Kwa muda wote huo alidhani msiba ule ni wake peke yake. Hakuwahi kumuuliza wifi yake hata siku moja, kwa sababu mtu anayecheka vile alionekana kama amekwisha kusahau.

Gari likaingia gereji na kusimama pale fundi alipotaka. Bi Kimya alishuka, akaenda nyuma, akamshika wifi yake mkono. Walirudi hivyo mtaa mzima, wameshikana mikono kama wasichana wanaotoka kuchota maji, na Mkasi, kwa mara moja maishani mwake, akafyata ulimi.

Fundi magari aliwapa vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka matairi mabovu. Wakaviweka chini ya miguu ya vyerehani, na vyerehani wakavipanga katikati ya chumba, viwili vikitazamana na cha tatu kando yake, mbali na kuta zote. Kwenye kuta wakaweka rafu za mabegi. Meza ya Mkasi ikaingia ndani na kitambaa kikakoma kufagia barabara. Siku ya kwanza ya mpango huo muuguzi alilala mpaka magharibi, akaamka na kuchelewa zamu, akapita mbio akivaa kiatu kimoja ngazini. "Sasa kimya kimezidi!" aliwapigia kelele, na chumba kizima kikamcheka.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Kwa kuchoshwa na siku zile za kubanana, mshonaji mmoja alikata tamaa, akaenda kuuza dukani kwa jamaa yake, na hakurudi. Shule moja iliyozoea kuagiza kwao ilikwisha kwenda kwingine. Na walipoanza tu kupumua, mtu fulani akapeleka maneno kwenye ofisi ya mji kwamba nyumba ya Bi Kimya imegeuzwa kiwanda. Akaja afisa, kijana nadhifu mwenye adabu, akasimama mlangoni.

"Mama, kwenye ramani hapa ni makazi," alisema. "Watu wanakaa."

"Na sisi tunakaa," alisema Bi Kimya. "Huyu anakaa juu. Mimi nakaa nyuma. Hawa wanakaa mtaa huu huu, wanakuja kwa miguu, na watoto wao wakitoka shule wanapita hapa kuchukua ufunguo."

"Lakini kelele za mashine, mama. Wapangaji wana haki yao."

"Haki yao ndiyo iliyolitoa gari langu humu. Njoo."

Akampandisha juu. Muuguzi alimfungulia akiwa na kanga ya kulalia begani na uso wa mtu aliyekatizwa usingizi mzuri. Afisa aliingia, akasimama katikati ya chumba, akatega sikio. Akaenda dirishani. Akagusa ukuta, akauona mtulivu.

"Sawa," alisema. "Waambie waziwashe nisikie."

"Hawajazizima tangu ulipofika," alisema muuguzi. "Naweza kurudi kulala?"

Afisa alicheka kidogo, kisha akarudisha uso wa kazi. Aliwaeleza kwamba sheria ndogo za mji hazikatazi kila kazi kwenye makazi. Kazi isiyotoa moshi wala maji machafu, na ambayo majirani wameiridhia, inaweza kuombewa kibali. Tatizo watu hawaombi, wanajificha, na ofisi ikisikia habari zao inazisikia kwa wanaolalamika. Wakaomba. Ilichukua safari kadhaa na foleni ndefu, na masharti yakawa mengi: mtungi wa kuzimia moto, vipande vya kitambaa vifungwe kwenye mifuko, mkokoteni usizibe njia ya watu, na kibali chenyewe kitazamwe upya baada ya mwaka. Mama Mabegi alilalamikia kila sharti na kulitimiza kila moja.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, wazazi wakaanza kununua palepale mlangoni. Mabegi yaliyochanika yaliletwa kuwekewa zipu mpya badala ya kutupwa. Bi Kimya alisema yeye si mshonaji na hatakuwa, lakini kila begi lilipita mkononi mwake kabla ya kutoka. Aliivuta kamba ya bega kwa nguvu zake zote, na ikilia hata kidogo alilirudisha.

"Wifi, unatutia hasara," alisema Mama Mabegi.

"Ninyi mnashona mkicheka. Lazima awepo asiyecheka."

Jioni moja, Bi Kimya akifunga mlango, jirani wa ng'ambo alivuka barabara. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, mwenye fremu moja ya duka isiyotumika, iliyoelekea njiani, iliyojaa viti vilivyovunjika na magazeti. Mtu wa brashi na mafagio, yule wa ghala lile lile, alikuwa amemfuata kutaka kuikodi. Tangu afukuzwe, manyoya ya brashi alikuwa akiyaanika kwenye baraza la shemeji yake, na shemeji amechoka.

"Nakuuliza wewe kwa sababu hukuwa mtu wa kelele," alisema dereva. "Niambie kweli. Atanisumbua?"

"Atakusumbua," alisema Bi Kimya. "Atachelewa kufunga, atataka maji, atakuletea wageni usiowajua. Umekaa peke yako muda gani?"

Dereva alianza kuhesabu miaka kwa vidole, akaacha njiani.

"Mtu wa brashi ana mashine gani?" aliuliza Bi Kimya.

"Sijui. Kuna moja ya kutoboa mbao, nadhani."

"Basi twende tukaone ukuta wako."

Mama Mabegi alikwisha kutangulia, na kabla hawajafika katikati ya barabara alikuwa anamweleza dereva kwamba ile fremu yake inahitaji dirisha kubwa, maana kazi ya mikono haiendi gizani, na kwamba yeye anamfahamu mtu wa madirisha, tena si mwongo sana. Bi Kimya aliwafuata akipunguza hatua. Taa za madukani zilikuwa zinaanza kuwaka. Walipofika, dereva alihangaika na kufuli lililoshika kutu, akaguna, akaomba msamaha kwa hali ya humo ndani, kisha wote watatu wakaanza kutoa viti nje.